Pipa Lisilojua Sabuni

Paroko wetu alitugawia wakimbizi baada ya misa ya pili, nje ya kanisa, kama watu wanavyogawana nyama ya sikukuu. Kila jumuiya ilichukua familia moja. Wengine walipata mama na vitoto wakafurahi, maana mama na vitoto unajua uwape nini: unga, blanketi, nguo za mitumba. Jumuiya yetu ilipewa mwanaume mzima, mwenye afya yake, na mabinti wawili. Jumuiya ikageuka ikanitazama mimi.

"Wewe ndiye mfanyabiashara," wakasema.

Biashara yangu ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nilipika mbege huku Kibosho tangu mwaka nilioolewa, na watu walipanda mlima kutoka Moshi mjini kuja kuinywa uani kwangu. Sikuwa mtu wa huruma nyingi na sikuwahi kujifanya ninazo. Nikamwambia paroko, "Mtu mwenye mikono simlishi, Padri. Nitamfundisha ajilishe." Akajibu kwamba hilo ndilo alilokuwa anatafuta, akaenda zake kunywa chai.

Mgeni wangu, ndivyo nilivyomwita na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita baadaye, alikuwa Mrundi. Alikimbilia kambini kule magharibi na mkewe na watoto. Mke akaugua, akaletwa hospitali huku Moshi, naye akapewa kibali cha kumfuata. Mke hakupona. Tulimzika kwenye makaburi ya parokia, na kibali kikawa kimebaki bila sababu. Ofisi ikamwambia kitakwisha mwisho wa mwaka. Akitaka kingine, aonyeshe kazi inayomlisha na alete mtu wa kumdhamini asiyekuwa wa kanisa, kwa maana kanisa, walisema, humdhamini kila mtu. Akikosa, arudi kambini.

Siku ya kwanza aliketi kwenye kigoda changu, kofia magotini, akaniuliza, "Mama, nikirudishwa kambini, mke wangu nitamwacha na nani?"  Nikamwambia ale kwanza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampeleka kwa mume wangu. Kwetu, kwenye kihamba, lile shamba linalozunguka nyumba, kahawa ni ya mwanaume na ndizi ni za mwanamke. Mume wangu hakati mkungu bila kuniuliza, nami sijawahi kumuuliza kahawa imeuzwaje. Kwa hiyo mwanaume akiomba kazi, huonyeshwa kahawa. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba ilikuwa miaka mibaya ya kahawa. Bei ilikuwa imeanguka hadi mume wangu akawa anaitazama mibuni yake kama ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa. Majirani walikuwa wanaing'oa kimyakimya, jambo ambalo zamani lingekupeleka kwa mtendaji ukajieleze. Mgeni wangu alipogoa, akapalilia, akachuma, hakulalamika. Msimu ulipokwisha mume wangu hakuwa na cha kumlipa, akampa shati lake la Pasaka.

Nilikasirika. Sikumkasirikia mume wangu, kwani shati lile alilipenda kweli, bali nilikasirika kwa sababu miezi ilikuwa inakwenda na mimi nilikuwa nimeahidi mbele ya padri.

Kumbe yule mtu muda wote alikuwa anatazama upande wangu wa shamba. Asubuhi moja nilikuwa nachemsha ndizi mbivu za mbege kwenye pipa la bati, moshi umenijaa machoni, akaja akasimama.

"Mama, hizi ndizi mnazipika?"

"Sasa nizifanyeje? Niziombee?"

"Kwetu hatuzipiki. Tunazikamua hivihivi bila kuzichemsha, zikishaiva. Na ni kazi ya wanaume."

Mume wangu alikuwa karibu, akacheka mpaka akakaa chini. Mwanaume kukamua ndizi. Alilirudia neno hilo hadi jioni, na kesho yake mtaa mzima ulikuwa nalo. Lakini mimi nilikuwa nimechoka na moshi, na nilitaka kuona. Nikampa mikungu ya kutosha, nikamwambia aonyeshe.

Alichimba shimo nyuma ya zizi, akawasha moto ndani yake kidogo, akautoa, akatandika majani ya mgomba, akalaza mikungu mibichi, akafukia. Majirani wakaja kuuliza tunazika nini. Baada ya siku chache alifukua, na ndizi zote zilikuwa zimeiva kwa pamoja, njano tupu. Akazimenya, akaziweka kwenye beseni pamoja na nyasi ndefu zilizooshwa vizuri, akaanza kukanda. Alikanda kwa mikono yote miwili, mabega yakifanya kazi, mpaka ule ujiuji ukaachia na maji yakaanza kutoka kwenye nyasi, mepesi, yenye rangi ya asali. Hakuongeza maji hata tone. Alionja yeye kwanza, kama sisi tunavyofanya, ndipo akanipa.

Ilikuwa tamu mno. Nilifumba macho.

"Sasa," akasema, "tunaweka mtama kidogo, tunaiacha ilale. Inakuwa pombe nzuri sana."

"Hapana," nikamwambia. "Hapo ndipo utakapofia. Mlima huu kila nyumba ina pombe yake. Nani ataacha mbege ya mama yake anunue pombe ya Mrundi, tena iliyokandwa na mwanaume? Iuze hivi ilivyo."

Akanitazama kwa masikitiko. "Mama, hii kwetu ni ya watoto na wagonjwa. Mwanaume akipeleka hii kwa wenzake, watamcheka."

"Wameshakucheka. Kilichobaki ni kuuza."

Kufundisha biashara si kumwonyesha mtu namna ya kutengeneza kitu. Yeye alijua kutengeneza. Mimi nilijua kuuza, na kuuza ni kutafuta mtu ambaye bado hajauziwa. Nilikaa jikoni nikajiuliza ni nani katika Moshi hii hanywi mbege yangu. Walokole wa Pasua hawanywi. Na Majengo, kwenye misikiti yote ile, mafundi na wenye maduka, wanaofunga na wanaofungua, nao hawanywi. Wote hao walikuwa wanakunywa soda.

Nikampeleka mwenyewe. Tulishuka na pikapu ya maziwa, mimi mbele na yeye nyuma na ndoo zake. Nilimfundisha mambo machache tu, kwa ukali, kwa sababu sijui kufundisha vingine. Salimia mpaka umalize salamu, ndipo ufunue ndoo. Onja mbele ya mteja. Usibebe kibuyu wala kata, maana watu wa Majengo wanajua vibuyu vya Wachaga hubeba nini. Ndoo nyeupe zenye mifuniko, vikombe vya kioo, kitambaa safi. Na usiseme "karibuni pombe tamu ya watoto," kama alivyokusudia kusema. Nilimziba mdomo kwa kiganja pale pale barabarani.

Mtu wa kwanza tuliyemwendea alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, mwenye kibaraza mbele ya chumba chake cha kazi. Nilimjua kwa sababu ndiye aliyeshona sare za wanangu. Tukamwamkia. Akasikiliza maelezo yote, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Swali langu ni moja," akasema. "Inakaa muda gani kabla haijageuka?"

Mimi ningemjibu kwa maneno ya biashara. Mgeni wangu akasema, "Baba, ikikamuliwa alfajiri, jioni bado ni yako. Ikilala, si yako tena."

Mzee akaichukua glasi, akanywa, akaomba nyingine ampelekee mkewe ndani. Kuanzia siku hiyo mgeni wangu akawa mtu wa Majengo. Alikamua alfajiri kwangu, akashuka na pikapu ya maziwa, na kilichobaki jioni alikimwaga, hata kama roho ilimuuma. Mabinti walianza shule na sare zilizoshonwa na yule fundi. Mume wangu aliacha kucheka, akaanza kumsaidia kufukia mikungu, akidai kwamba kuchimba shimo siyo kushika ndizi.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia Desemba. Yule mzee alikuja mwenyewe hadi Kibosho, jambo ambalo sikulitarajia. Alisema mtaa wao utakuwa na futari ya pamoja uani kwake, na wanataka kufungulia maji ya ndizi. Akaongeza kwamba kwenye ile ofisi ya vibali anafahamika, na kwamba Ramadhani ikienda vizuri, atakwenda mwenyewe kusimama kwa ajili ya huyu kijana.  Mgeni wangu aligeuka akatazama upande wa kanisa, yaliko makaburi.

Ndoo zake zilikuwa ndogo kwa kazi hiyo. Hapo ndipo nilipofanya wema.

Nilikuwa na pipa la mbao, dogo, lenye pete za chuma. Mama mkwe wangu alilipata zamani kwenye shamba la mlowezi na alipikia ndani yake maisha yake yote. Alinikabidhi mimi pamoja na jiko, na neno moja: lisijue sabuni. Mpika mbege yeyote anaelewa. Pipa lililozoea halioshwi, linasuuzwa tu. Ule uchachu unakaa ndani ya mbao, na ndio unaoamsha pombe mpya. Tuliuita mama wa pombe. Kwa pipa lile mbege yangu iliamka upesi kuliko ya mtu yeyote hapo mtaani, na ndiyo maana watu walipanda mlima. Dada yangu wa tumbo moja aliniomba nimwazime siku ya harusi ya mwanawe, nikamnyima.

Nikampa mgeni wangu. Nilijisikia vizuri sana nilipompa.

Aliliinamia, akanusa. Akasuuza kwa maji, kisha akachukua majivu na jani la kusugulia.

"Usilisugue," nikamwambia. "Utaliua."

Alisita. Nilimwona akisita. Lakini mgeni hakatai chombo cha mwenyeji wake, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mikono kiunoni. Akaliacha lilivyo. Alikamua alfajiri, akajaza, akafunga kifuniko, na pikapu ikateremka na jua lote lile la tambarare.

Alirudi asubuhi iliyofuata kwa miguu, pipa begani, akalitua mlangoni. Alinieleza kwa maneno machache. Adhana ilipotoka, mzee alikula tende, akanyanyua kikombe, akanywa, akakishusha polepole. Akainuka, akaenda kwa kila aliyeketi, akakiondoa kikombe mkononi mwake kabla hajakifikisha mdomoni. Hakufoka. Wote wakasimama. Kulikuwa na watoto waliofunga kwa mara yao ya kwanza.

"Nitarudi kambini, Mama," akasema. "Kabla hawajanirudisha."

Nilifunua kifuniko. Povu lilikuwa limepanda hadi juu na linatoa sauti ndogo, ileile niliyoifurahia maisha yangu yote. Sikuhitaji kuonja. Aibu ilinishika, na baada ya aibu hasira. Nilikuwa nimepeleka kilabu changu kwenye futari ya watu, na nimemfanya mtu aliyenitegemea awe mwongo. Binti mkubwa alikuwa ameanza kukunja blanketi. Nikamwambia alikunjue.

Huku kwetu ukimkosea mtu unamchukulia jani la isale, ule mmea wa mipakani, kumwomba msamaha, naye hawezi kukukataa. Nililitazama isale la mpakani, nikaliacha. Lile ni neno letu wenyewe, na kule Majengo ningekuwa naongea peke yangu. Nikachukua shoka.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama pipa, akatazama shoka. Pipa lilikuwa la mama yake. Krismasi ilikuwa mlangoni pia, wakati ambao Wachaga wote hurudi nyumbani kutoka Dar na Arusha na Nairobi na kunywa mbege kuliko mwaka mzima uliobaki. Alijua ninachokwenda kufanya. Akaingia kwenye mibuni yake.

Tulishuka, mimi na mgeni wangu na mabinti wake, na mikungu iliyoiva, nyasi, ndoo na lile pipa. Hakutaka kwenda. Nilimwambia kwamba anaweza kwenda kambini kesho, lakini leo atakwenda Majengo. Mzee alikuwa kibarazani kwake. Nilipiga magoti, mimi niliyekuwa sipigi magoti ila kanisani.

"Shikamoo mzee. Yule kijana hakuwadanganya. Alikamua alfajiri kama alivyokuahidi. Aliyeharibu ni mimi. Hili ni pipa langu la mbege, na nilimkataza kulisugua."

"Kwa nini ulimkataza?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kutunza pipa. Nilikuwa nawaza mbege. Sikuwaza mfungo wenu."

 Watu walianza kukusanyika. Nikainuka, nikalipiga pipa shoka la kwanza. Mbao za zamani ni ngumu. Niliendelea kupiga hadi pete zikaachia na mbao zikamwagika chini, nyeusi kwa ndani, na harufu ikajaa mpaka uani. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nikamwachia mgeni wangu azipange zile mbao ziwe kuni, awashe moto na kuchemsha maji ya kuoshea ndoo, beseni na vikombe, na nikamwambia achome zote asibakize.

"Leo atakamua hapa," nikamwambia mzee. "Machoni penu, baada ya swala ya alasiri. Ikitoka kwenye ndizi iingie kwenye kikombe. Kama hamtaki, tutamwaga wenyewe na hamtatuona tena."

Mzee alisema neno moja tu. "Akamue."

Basi akakamua. Wanawake walikaa kuzunguka ua, watoto wakasogea mpaka wakafukuzwa. Jua lilikuwa kali na yeye hakunywa hata maji, ingawa hakuna aliyemwambia afunge. Mabinti walimenya. Mimi nilichuja kwa kitambaa kipya ambacho mke wa mzee alikikata mwenyewe kwenye gora la mumewe. Kabla ya jua kuzama ndoo zilikuwa zimejaa.

Adhana ikatoka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kwa kawaida mwenye kinywaji huonja kwanza, lakini mgeni wangu alikuwa amesimama na glasi mkononi, akimsubiri mzee, kwa kuwa mzee ndiye aliyefunga. Mzee naye alikuwa anamsubiri yeye. Ningeweza kuwapiga wote wawili. Mwishowe mzee akachukua tende, akaigawa, nusu akampa mgeni wangu. Wakala. Halafu wakanywa kwa pamoja, mmoja huku na mmoja huku. Mzee akamaliza glasi yake, akajifuta ndevu, akageukia watu wake akasema, "Bismillahi, nyweni."

Walikamua palepale uani Ramadhani yote iliyobaki. Mzee alikwenda ofisini kama alivyosema.

Kwangu Krismasi ilikuwa mbaya. Nilipika kwenye pipa la plastiki, ulezi uleule, ndizi zilezile, gome la msesewe la kutia uchungu lilelile, na mbege ikalala kama mtu mvivu. Wageni kutoka Dar walionja kwa adabu, wakaondoka kwenda kwa jirani. Mume wangu alikunywa kikombe chake chote bila kusema lolote, nami ningefurahi kama angenitukana. Sikujuta kuvunja lile pipa. Ila lilinisikitisha, na nililia jikoni zaidi ya mara moja.

Mwaka mpya ulipoanza, mgeni wangu alipanda mlima, amevaa lile shati la Pasaka. Alikuwa na kibali chake mfukoni. Alipitia makaburini kwanza, nikaona udongo magotini. Alinionyesha karatasi, nikaisoma, nikamrudishia, nikamwambia sasa atafute chumba Majengo karibu na kazi yake, asikae kwangu kama kuku. Sikuweza kusema vizuri zaidi ya hapo.

Hakuondoka. Alitoa kwenye mfuko wake kitu kirefu kilichofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akakiweka mapajani pangu. Nikafungua. Ulikuwa ubao mmoja wa pipa, mweusi kwa ndani, umekauka.

"Nilikwambia uchome zote," nikamwambia.

"Mama, baba yangu alikuwa mpika pombe. Kwetu pia mama wa pombe hauawi."

"Na umekaa nao muda wote huu? Umeniacha nipike ule uji Krismasi nzima?"

"Nilikuogopa. Nilisema nipate kibali kwanza, ili hata ukinifukuza niwe na pa kwenda."

Nilimpiga kofi la bega, kisha nikamshika hilohilo bega nikashindwa kuliachia.

Jioni ile niliutumbukiza ule ubao kwenye pipa la plastiki, kwenye mbege mpya, nikafunika na kwenda kulala bila kumwambia mtu. Asubuhi mume wangu ndiye aliyetangulia jikoni. Nilimsikia akifunua kifuniko. Ile sauti ndogo ya povu ikanifikia hadi kitandani. Halafu, mtu mzima yule mwenye mvi, nikamsikia akimwita mama yake.